Mpunga Haupepetwi kwa Kompresa

Juzi nilipita kwenye gereji moja hapa Ifakara kutafuta mtu wa kunizibia pancha ya baiskeli. Nikawakuta vijana wamemaliza kazi. Mmoja ameshika mpira wa upepo wa kompresa anajipuliza kutoa vumbi kifuani, kwenye nywele, halafu masikioni, macho ameyafumba kwa raha. Mwenzake akamwambia, "Nipe na mimi nioge." Akapewa. Wa tatu akaona mzaha huo bado mdogo, akamchomekea mwenzake mpira ndani ya kaptura kwa nyuma na kuachia upepo. Wakacheka mpaka wakashikana mbavu. Mimi sikucheka. Nilisema neno, nao wakanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu," kisha wakaendelea na mchezo wao.

"Marahaba," nikasema, nikaondoka na pancha yangu.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwa mdomo hamnisikii, na mimi siwasikii vizuri, kwa sababu sikio langu la kulia nililiacha kwenye mabati ya pantoni zamani, kabla baba zenu hawajazaliwa. Jina langu ni Severini. Vyombo vya upepo ndivyo vilivyonilisha maisha yangu yote, kwanza hapa kivukoni miaka ya hamsini, baadaye kwenye karakana ya reli kule Mlimba mpaka nilipostaafu. Nimeona mashine zikibadilika, mipira ikibadilika, hata rangi za ovaroli zikibadilika. Ujinga peke yake ndio umebaki ule ule, nao unapokewa kwa mikono miwili na kila kizazi.

Mnachosema ninakijua. "Si upepo tu, babu?" Upepo tu! Tulikuwa na kijana mmoja, Fabiani, mtu wa Namawala, fundi wa mzaha kuliko wa kazi. Siku moja alikuwa na mchubuko mkononi, akaamua kuupuliza ukauke. Upepo ukaingia chini ya ngozi. Mkono ukavimba kutoka kwenye kiwiko hadi begani, ukiubonyeza unalia kama unga mkavu. Tukampeleka hospitali ya misheni. Sista aliyekuwa zamu akamuuliza ameumwa na nini.

"Na upepo, sista."

Sista akamtazama, akamgusa paji la uso, akamwambia akae kwenye benchi asubiri kupimwa malaria. Aliona homa imeshapanda kichwani. Alipoambiwa ukweli, alituuliza sisi tuliomsindikiza kama hatuna mama. Swali hilo nalipeleka kwa wale vijana wa gereji. Huo upepo mnaoingiza kwenye kaptura za wenzenu unaweza kupasua utumbo wa mtu, na mtakayempasua hataweza hata kueleza aibu ya kifo chake.

Sasa niwaambie tulikuwa tunafanya nini. Wakati huo mto ulivukwa kwa pantoni. Gari linapanda, watu wanapanda, mbuzi wanapanda, mnavuka kuelekea upande wa Mahenge. Maji yakishashuka, pantoni lilivutwa juu ya mchanga, likawekewa magogo, nasi tukaingia chini yake kubandua kutu kabla ya kulipaka rangi upya, ili mvua zikirudi liwe tayari. Mwanzoni tulibandua kwa nyundo ya mkono na patasi, watu tumechuchumaa kutwa nzima. Kazi ilikwenda polepole, lakini jioni kila mtu alirudi nyumbani na kila alichotoka nacho asubuhi.

Halafu kampuni iliyopewa kazi ile ikaleta kompresa. Ilikuja inavutwa nyuma ya lori, nyekundu kwa vumbi la njiani, na watu walitoka hadi sokoni kuja kuitazama. Ilikuwa mashine ya dizeli yenye tangi kubwa, mipira mirefu ya upepo, na nyundo za upepo. Unaikamata nyundo, unabonyeza triga, patasi inagonga yenyewe mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Kelele yake ilikuwa ya kuzimu. Wavuvi walikuja kulalamika kwamba samaki watahama, na mzee mmoja akataka tuwalipe kambale wote ambao hajawavua bado.

Pamoja na mashine alikuja fundi wake, Daudi, mtu wa Nyasa aliyewahi kufanya kazi migodini huko kusini. Alikuwa mfupi, mnunaji, na ukimsalimia asubuhi hakujibu mpaka amalize mambo yake. Kwanza alifungua koki ya chini ya tangi akamwaga maji yaliyolala humo. Kisha alipitisha kiganja juu ya mipira yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta ufa. Mwisho alikagua koplingi. Kila mahali mpira ulipoungana na mpira mwingine palikuwa na koplingi ya chuma yenye meno mawili. Unasukuma, unazungusha, inashika. Koplingi ile ina tundu dogo. Kwenye tundu hilo Daudi alipitisha waya na kuusokota kwa koleo, meno yasije yakazunguka yenyewe na kuachia. Ndipo alipogeuka na kusema, "Haya, habari za asubuhi."

Mimi niliwekwa kuwa msaidizi wake. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye gogo.

"Kijana, kubadilisha nyundo kuna mambo matatu. Funga koki kwenye mashine. Bonyeza triga mpaka upepo uliobaki kwenye mpira uishe. Ndipo ufungue mpira. Umeelewa?"

"Nimeelewa, fundi."

"Hujaelewa. Wote wanasema wameelewa. La kwanza mnalikumbuka, la tatu mnalikumbuka, la katikati ndilo linawaua."

Alikuwa na maneno mengine mengi, yote ya kukera. Usibonyeze triga wakati patasi haijagusa chuma, kwa sababu itaruka. Usiegemeze nyundo tumboni. Usimwelekezee mtu, hata ikiwa imezimwa, hata kama ni adui yako. Pumzika kabla vidole havijafa ganzi, maana mkono wenye ganzi haujui umeshika nini. Ziba masikio kwa pamba. Hilo la pamba mimi nilikuwa naona ni mambo ya maiti, na leo mke wangu akiniita nije kula inabidi atume mjukuu.

Fabiani, yule yule, alijaribu kubonyeza triga hewani ili kuona kama fundi anasema kweli. Patasi ikafyatuka, ikaenda ikatumbukia mtoni. Wanaume wakashangilia. Mmoja akapiga kelele kwamba ameua kiboko. Daudi alinyoosha kidole upande wa pili, mahali ambapo mama lishe wetu alikuwa ameinama anapuliza moto. Wanaume waliendelea kushangilia, kwa sababu mtu mzima akishaamua kutokuelewa huwezi kumlazimisha.

Na miwani! Kampuni ilileta miwani ya kazi, yenye kioo kinene na mpira wa kuzunguka kichwa. Walikataa kuivaa, eti mtu anafanana na chura. Wakaitundika kwenye misumari. Lakini Jumapili wakaivaa kwenda kanisani, wakaona inapendeza na kanzu. Padri alikuta mstari mzima wa wanaume wa kivukoni wanakuja kupokea komunyo na miwani ya kubandulia kutu usoni. Jumatatu wakarudi mbele ya patasi macho wazi. Nikikumbuka hilo nashindwa kuwaonea huruma, na wengine walikuwa ndugu zangu.

Ujinga huu wote ulikuwa na mlezi, naye ni nyapara wetu, Ladislausi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti, aliyerudi kutoka vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, na kofia ambayo hakuivua hata akila. Kila ukimwambia habari ya tahadhari alikuwa na jibu moja. "Mimi nimepigiwa mizinga Bama, sasa niogope pumzi ya mashine?" Daudi alifunga koki ili kubadilisha nyundo, lakini Ladislausi aliukunja tu mpira kwa mikono yake miwili, upepo ukakatika, akafungua nyundo mbele yetu huku anatabasamu. Baada ya hapo wanaume wote wakawa wanakunja mipira. Mpira unaokunjwa kila siku unapata ufa pale pale panapokunjwa, lakini nani wa kuliona hilo wakati nyapara anatabasamu? Waya za Daudi alizicheka mno. Alisema fundi anafunga mipira kama anayefunga mbuzi wa mahari.

Mahari ndiyo iliyokuwa kichwani mwake kweli kweli. Alikuwa anamtaka dada yangu.

Dada Kornelia alikuwa mkubwa wangu, mjane. Mumewe alifariki kwa homa akamwachia watoto wadogo na nyumba Katindiuka. Mwaka ule alilima mpunga bondeni, karibu na kivuko, kwa sababu shamba la nyumbani lilikuwa limechoka. Alilima vizuri. Alivuna, akapura, akawa na lundo la mpunga juu ya turubai, bado limechanganyika na makapi na mapepe. Chakula cha wanawe cha mwaka mzima kilikuwa pale. Kilichobaki ni kupepeta tu, halafu aubebe nyumbani kabla nguruwe au wezi hawajaugundua.

Na upepo ukagoma. Wenyeji mnajua jinsi bonde letu linavyoweza kutulia, jani halitikisiki. Kornelia alisimama juu ya kigoda, akainua ungo juu ya kichwa, akaachia. Punje na makapi vikashuka pamoja, vikatua pamoja miguuni pake. Akarudia. Siku ikapita, nyingine ikapita, naye analala kwenye kibanda cha majani pale pale shambani akilinda lundo lake, watoto amewaacha kwa jirani. Ladislausi alimpitia kwa baiskeli kila jioni, na samaki amewafunga kwenye usukani. Mimi aliniita shemeji, wakati dada yangu alikuwa hajamwita chochote.

Jumamosi mchana, kazi imekwisha, tukiwa tunakunja vitu, Kornelia alikuja kivukoni na wenzake wawili wa shamba jirani kuniomba niwasaidie kubeba magunia siku upepo ukirudi. Ladislausi akamdaka.

"Mpunga vipi, mama?"

"Upepo umetususa, nyapara. Tunatazamana tu na lundo."

"Upepo ninao mimi," Ladislausi akasema, akapiga tangi la kompresa kwa kiganja. "Uko humu ndani unakusubiri wewe."

Wale wanawake wawili wakacheka na kupiga makofi. Wazo likaenea pale kwa dakika ile ile, na nawaambia, lilikuwa wazo ambalo lingeweza kuzaliwa kwetu tu. Mtu wa mgodini asingelifikiria, mtu wa bandarini asingelifikiria. Wakulima wa mpunga waliopewa kompresa ndio pekee wangeitazama na kuona ungo.

Kompresa ilikuwa na magurudumu, na shamba lilikuwa juu kidogo ya ukingo. Wanaume wakaisukuma huku wanaimba mpaka chini ya shamba. Mpira haukufika kwenye turubai, kwa hiyo Ladislausi akachukua mpira wa pili akauunganisha kwenye ule wa kwanza. Akasukuma koplingi, akazungusha. Muungano ukalala juu ya nyasi, pembeni tu ya lundo.

Daudi alikuja nyuma yetu akiwa ameshanawa mikono. Aliangalia turubai, akaangalia mpira.

"Nyapara, usifanye hivyo. Upepo wa Mungu unachagua. Unabeba kapi, unaacha punje. Huu hauchagui kitu."

"Fundi, nenda kapumzike."

"Basi subiri nifunge waya kwenye koplingi. Koleo liko kwenye sanduku, sichelewi."

Dada yangu aliuliza, "Fundi anasema nini?"

"Fundi anaogopa makapi," Ladislausi akasema.

Watu wakacheka. Kornelia hakucheka. Alimtazama Daudi akishuka kwenda kwenye sanduku, kisha akautazama mpunga wake. Alikuwa amechoka kulala kibandani, na watoto wake walikuwa wanakula kwa jirani. Mimi simlaumu kwa lolote, na asitokee mtu wa kumlaumu mbele yangu.

Ladislausi hakusubiri koleo. Akawasha mashine, akaiacha ijaze tangi, akafungua koki kidogo, akaja na ncha ya mpira juu ya turubai. Niseme ukweli: mwanzoni ilifanya kazi. Makapi yaliinuka, yakaruka, yakaenda zao majanini, na punje safi zikaonekana chini zinang'aa. Wanawake wakapiga vigelegele. Fabiani akacheza. Ladislausi akatutazama wote, mmoja mmoja, kama amegundua moto.

Angeacha pale, leo ningekuwa nawasimulia kichekesho. Lakini mtu wa namna ile akisifiwa hawezi kuacha. Akarudi kwenye mashine, akafungua koki yote. Sasa mpira ukawa mgumu, unamvuta, naye anaukokota huku na huku juu ya lundo, na kila alivyogeuka ule muungano kwenye nyasi ulijizungusha kidogo. Punje nazo zikaanza kuruka. Kornelia akaona chakula chake kinakwenda majanini, akasogea akapiga kelele, "Basi, nyapara! Basi! Unanimwagia!" Alikuwa amesimama kando ya koplingi. Asingejua. Kwake ilikuwa kipande cha chuma kwenye nyasi.

Meno yakaachia.

Mlio wake ulikuwa wa bunduki. Ncha aliyoshika Ladislausi ikalegea, ikafa mkononi. Ile nyingine, iliyotoka kwenye mashine, na chuma chake mbele, ikainuka na kuanza kujipiga chini, kushoto, kulia, juu. Ikaingia kwenye lundo na kwenye mchanga, ikavitupa vyote usoni mwa dada yangu. Alipiga magoti, mikono machoni. Hakulia. Alisema tu, "Mama, mama, mama," kwa sauti ndogo.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, nyinyi mashujaa. Ladislausi aliurukia ule mpira. Mbele ya watu wote, mikono wazi, kama anakamata kuku. Chuma kikampata kwenye taya, akaanguka chali, kofia ikaenda na makapi. Wanaume wengine wawili wakaona ni zamu yao ya ushujaa, wakajaribu kuukanyaga, wakatupwa. Na Daudi, aliyekuwa anapanda na koleo lake, akatupa koleo, akageuka, akakimbia kwa nguvu zake zote kuuacha ule mpira na sisi sote. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Fundi anakimbia! Fundi anatukimbia!"

Kisha mpira ukalala chini. Kukawa kimya, injini tu inanguruma. Daudi alikuwa amesimama kwenye mashine, mkono kwenye koki, anahema.

Mpira ulioachia haukimbizwi. Sijui niliseme mara ngapi. Haushikwi, haukanyagwi, haurukiwi. Anayetaka kuokoa watu anaukimbia mpira na kuiendea koki, hata kama kwa macho ya wapumbavu anaonekana mwoga.

Lori lilikuwa limeshaondoka. Nilimpandisha dada kwenye baiskeli ya Ladislausi, ile ya samaki, nikaisukuma mpaka hospitali ya misheni huku namshika mgongo asianguke. Njia nzima aliniuliza kama jua limezama. Ilikuwa saa tisa, linawaka. Nikamwambia linazama, dada. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa siku yoyote, na tangu hapo nimeona mengi.

Daktari na sista walimtoa makapi na mchanga machoni, kazi ya muda mrefu, naye amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. Wakamfunga macho yote mawili kwa bandeji. Daktari akasema tusubiri, hajui kama ataona.

"Tutajua lini kama ataona?" nikauliza.

"Tutakapofungua."

Kornelia alilala pale, akawakataza wanawe wasiletwe. Alisema hataki wamwone kabla yeye hajajua kama atawaona. Kila nilipokwenda aliuliza habari za mpunga. Nikamwambia wanawake wa jirani wanauokota punje kwa punje majanini. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo sikumwambia ni kwamba Jumatatu asubuhi upepo ulivuma. Wenyewe, bila dizeli, bila nyapara, ukavuma kutwa nzima, na wale wanawake wakapepeta kilichobaki kwa ungo mpaka kikaisha.

Huko mjini nako kulikuwa na habari nyingine. Kwenye vilabu vya pombe watu walisimuliana jinsi Ladislausi alivyopambana na mpira kwa mikono mitupu kumwokoa mjane, na jinsi fundi wa Nyasa alivyotimua mbio. Waliosimulia ndio wale wale waliokuwepo. Waliona kwa macho yao, wakaamua kukumbuka kilichonoga. Daudi alipopita sokoni hata wanawake walimwiga kukimbia, vitenge vimekunjwa magotini. Yeye alinunua chumvi yake akaenda zake.

Mzungu wa kampuni alikuja kusikiliza. Nilifikiri atamfukuza Daudi, kwa sababu Ladislausi alikuwa ametuma maneno mapema kwamba fundi aliitelekeza mashine. Mzungu akatukusanya, akauliza swali moja tu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Koki nani kufunga?"

Wanaume wa kivukoni, walioongea wiki nzima, wakatazama chini. Nikasema mimi, "Fundi Daudi." Mwanamke mmoja wa shamba akadakia kwamba ni kweli, ni fundi. Basi, kikao kikaisha. Ladislausi hakufukuzwa, alihamishiwa kwa wafyeka nyasi kando ya barabara, na nasikia huko nako aliwasimulia Bama. Daudi alimaliza pantoni, akalirudisha majini kabla ya mvua, akaondoka na kompresa yake. Hakuna aliyemuaga isipokuwa mimi. Alinipa mkono akasema, "La katikati, usilisahau." Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kupata kwake.

Nyinyi mtasema siku hizi vyombo ni vya kisasa. Ndiyo, koplingi zimekuwa nzuri, mipira mingine ina kamba ya chuma ya kuzuia isirushwe. Na bado nimekuta mtu kule Mlimba ameikata kamba ile kwa sababu inamsumbua anapotembea. Nilimuuliza kama amewahi kupigana Bama. Hakunielewa, alikuwa kijana mdogo tu.

Bandeji zilifunguliwa. Jicho la kulia la Kornelia liliona mwanga, halafu dirisha, halafu mimi. La kushoto halikuona kitu, wala halikuona tena mpaka alipokufa. Alikaa kitandani, akalifunika la kulia kwa kiganja, akajaribu, akaondoa kiganja. Kisha akasema, "Kawalete watoto."

Alikuwa amerudi Katindiuka, anachagua mchele mlangoni, ndipo Ladislausi alipokuja. Taya bado limefungwa kitambaa, maneno yanatoka upande mmoja. Amekuja kwa heshima zote, na mshenga wake, mjomba mmoja mzee mwenye koti. Nikawapa viti. Mshenga alianza vizuri, akazungumza habari za ukoo na shamba. Lakini Ladislausi hakuweza kusubiri hata pale. Akamkatiza mzee, akasema yeye ni mwanaume, hawezi kumwacha mwanamke aliyeumia. Wengine wangemkimbia, kama fulani alivyokimbia. Yeye atamwoa hivyo hivyo, na jicho lake moja.

Kornelia aliweka ungo chini.

"Shikamoo, baba," alimwambia mshenga. "Samahani kwa kukusumbua njia yote hii." Kisha akamgeukia Ladislausi, akamtazama toka kwenye kofia mpya mpaka kwenye viatu, bila haraka. "Ni kweli nyapara, limebaki moja. Lakini wewe nakuona vizuri sana."

Mshenga ndiye aliyetangulia kuinuka.